Faneli, lebo tatu na dikanta mbili: nitajuaje kama ni za enzi ya akina George?

Swali: Mimi ni mwenyeji wa Tanga, naishi Birmingham. Kwenye mnada wa vitu vya marehemu nilinunua sanduku lenye faneli ya fedha ya kumiminia mvinyo (ina herufi r ndogo, na PB juu ya AB), lebo tatu za fedha za kuning'iniza shingoni mwa chupa, yaani MADEIRA ya umbo la mwezi mwandamo (ina simba na HB tu, sioni herufi ya mwaka), PORT ya umbo la jani la mzabibu (ina nanga na herufi C ya Kigothi) na ARRACK ya mstatili (katikati ni nyembamba na mihuri imefifia), kisahani kimoja cha kuwekea chupa kinachoonyesha wekundu ukingoni, na dikanta mbili, zile chupa za kioo za kuandalia mvinyo mezani. Dikanta moja ina ukungu ndani. Nyingine ina pete tatu shingoni na kizibo cha umbo la uyoga, na ina namba 4 shingoni na namba 7 kwenye kizibo. Muuzaji alisema vyote ni vya enzi ya wafalme akina George. Nitahakikishaje? Nivisafisheje? Na nikitaka kuendelea kukusanya, nianzie wapi?

Jibu: Dada, maneno ya muuzaji yaweke kando kwanza. "Enzi ya akina George" si tarehe. Inaanzia 1714, George wa Kwanza aliposhika ufalme wa Uingereza, na kuishia 1830 alipofariki George wa Nne. Wauzaji wengi humchukua na William wa Nne, wakafika 1837. Hiyo ni zaidi ya karne nzima, na mitindo ilibadilika mara kadhaa humo ndani. Kitu cha fedha mara nyingi kina mwaka wake mahususi, nawe unaweza kuupata ukiwa na lensi ya sonara inayokuza mara 10, taa ya kumulika kutoka pembeni, na mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu.

La pili ndilo linalowaponza wengi. Muhuri unashuhudia jambo moja tu: kwamba kipande fulani cha madini kilipelekwa ofisi ya upimaji mwaka fulani kikaonekana kina fedha sehemu 925 katika 1,000. Kipande hicho huenda kilizaliwa kijiko na leo ni lebo. Kwa hiyo tazama umbo na uundaji, ndipo usome muhuri, kisha uone kama vinapatana.

Faneli ndiyo ninayoitumainia zaidi. PB juu ya AB ni chapa ya Peter na Ann Bateman wa London, waliofanya kazi kwa chapa hiyo kuanzia 1791. Herufi r ndiyo yenye mtego. Ofisi ya London ilitumia herufi 20 tu, A hadi U bila J, kila herufi kwa mwaka mmoja, na ilibadilisha mwezi Mei. Zikiisha, walianza upya kwa mtindo mwingine wa maandishi au ngao ya umbo jingine. Ndiyo maana r ndogo inapatikana 1752, ikarudi 1792, ikarudi tena 1832. Ukikazana na umbo la herufi pekee, iliyogongwa kwa chuma kisha ikasuguliwa kwa vitambaa miaka 200, utajidanganya. Tazama majirani zake.

Kama ni 1752, hapatakuwa na kichwa cha mfalme. Alama hiyo ilianza tarehe 1 Desemba 1784, kuonyesha kwamba kodi ya fedha imelipwa. Kama ni 1832, chui (kichwa chake ndicho alama ya London) atakuwa kichwa wazi, kwa sababu London ilimvua taji 1821, na simba (alama ya fedha ya 925) atakuwa anatazama aendako. Kama ni 1792, chui ana taji, simba anatembea lakini uso kakugeuzia wewe, na kichwa cha George wa Tatu kinatazama kulia. Ukiyaona hayo matatu pamoja na PB na AB, faneli yako ilipimwa kati ya Mei 1792 na Mei 1793, na hapo hapana ubishi. Kwa siku zijazo, ukikuta kichwa cha mfalme kilichochimbwa ndani badala ya kutokeza, tena kinatazama kushoto, hicho ni cha miezi ya mwanzo kabisa, kabla ya kubadilishwa 1786. Wakusanyaji hukipenda.

Sasa uundaji. Faneli za wakati ule kwa kawaida zina sehemu mbili: bakuli lenye chujio la matundu, na mrija unaochomekwa chini yake. Nyingi zilikuwa pia na pete nyembamba ndani ya bakuli, ya kubana kitambaa cha melimeli, kwa kuwa matundu peke yake hayazuii mashapo laini ya mvinyo wa port wa zamani. Ncha ya mrija hupinda upande, na kuna sababu: mvinyo utue kwenye ukuta wa dikanta na kuteleza chini taratibu, usianguke katikati ukafanya povu na kuvuruga. Ukingoni mwa bakuli huwa na kishikizo kidogo cha kulining'iniza.

Anza na ncha ya mrija, maana ndiyo huumia kwanza. Ikipasuka, mtu huikata akaisugua, na faneli inabaki fupi yenye mdomo ulionyooka. Ncha ya asili hupinda polepole na kuishia kwa mkato wa mshazari. Faneli nzima ya saizi ya kawaida huwa na urefu wa sentimita 12 hadi 15 hivi. Yako ikiwa 10, uliza kwa nini. Kisha tenganisha sehemu mbili. Mrija mara nyingi hubeba simba na chapa ya fundi, kwa hiyo tafuta PB na AB hapo pia. Usipoona kitu, linganisha kingo: kama bakuli lina mstari wa shanga na mrija una mistari ya uzi, hizo ni sehemu mbili zilizoozeshwa na muuzaji. Pete ya melimeli kupotea ni jambo la kawaida. Ipunguze kwenye bei, usiikatae faneli kwa hilo.

Kagua chujio dhidi ya mwanga wa dirisha, kwani nyufa hukimbia kutoka tundu hadi tundu. Ukiona doa la kijivu lisilong'aa, hiyo ni lehemu ya risasi, kazi ya fundi wa haraka. Ina ubaya wa aina yake: fundi mwingine akija kupasha moto ili aunge kwa lehemu ya fedha, risasi iliyobaki hula fedha na kuitoboa. Mpaka ikwanguliwe yote, pale hapagusiki.

Halafu hohoa. Pumua pumzi ya moto ya kinywa juu ya eneo la mihuri na utazame ukungu unavyokauka. Mstari wa lehemu hauendani na fedha inayouzunguka, kwa hiyo kama mihuri ilikatwa kutoka kwenye kitu kingine ikapachikwa hapa, utaona kiraka cha mraba au cha duara kikijichora kwa sekunde mbili tatu. Rudia mara kadhaa. Kwa sheria ya mihuri ya Uingereza ya 1973, kughushi au kuhamisha muhuri ni kosa la jinai, na kitu kilichoongezwa au kubadilishwa matumizi baada ya kupimwa hakitakiwi kuuzwa kabla hakijapitishwa upya.

Nije kwenye lebo, ambako ningeweza kukaa siku nzima. Mvinyo wa karne ya 18 ulinunuliwa kwa pipa, ukatiwa kwenye chupa za kioo cheusi zisizo na maandishi, na ulipofika wakati wa kula ukamiminwa kwenye dikanta. Mezani pakiwa na dikanta nne, nani atajua ipi ni ipi? Kuanzia miaka ya 1730 mafundi wa London wakaanza kutengeneza vibao vidogo vya fedha vyenye mnyororo. Sandylands Drinkwater alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuifanya kuwa kazi yake maalumu, na jina hilo, kwa fundi wa kazi hiyo, ni la kweli, hakulitunga mtu. Biashara iliendelea zaidi ya miaka 100, hadi sheria ya 1860 iliporahisisha kuuza mvinyo chupa mojamoja dukani. Chupa ikaja na karatasi yake, kibao cha fedha kikakosa kazi.

Majina yaliyomo yana historia yake. Utakutana sana na PORT, LISBON na MADEIRA, kwa sababu mkataba wa Methuen wa 1703, kati ya Uingereza na Ureno, uliufanya mvinyo wa Ureno utozwe ushuru uliopungua kwa theluthi kuliko wa Ufaransa. Hata sisi neno "mvinyo" tulilipata kwa Wareno hao hao. Siku moja utaona lebo ya SHRUB, kinywaji cha matunda na pombe kali. Jina hilo limetoka kwenye Kiarabu, shina moja na sharubati yetu. Na ARRACK ni araki, hiyo hiyo unayoijua.

MADEIRA yako ina simba na HB tu, nawe umeshangaa iko wapi herufi ya mwaka. Usishtuke. Vitu vyepesi kama lebo vilikuwa vinasamehewa mihuri kamili, mpaka sheria ya 1790 ilipozitaja lebo za chupa waziwazi kwamba lazima zipimwe. Lebo ya kabla ya hapo yenye simba na chapa ya fundi pekee ni ya kawaida kabisa. HB, ikiwa imeandikwa kwa mtindo wa mwandiko wa mkono, ni Hester Bateman, mjane aliyesajili chapa yake 1761 baada ya kufiwa na mumewe, akaacha kazi 1790. Jina lake linapendwa kuliko linavyostahili, kwa maoni yangu: kazi yake ni nzuri na nyepesi, lakini wapo mafundi wa lebo waliomzidi kwa ufundi, kama Margaret Binley au Phipps na Robinson, ambao bei zao bado zina adabu. Na jina linalopendwa huleta waghushi. Nakala za kumimina kwenye kalibu hujulikana kwa mihuri iliyolegea, isiyo na kingo, yenye vitundu vidogo kama ngozi ya chungwa. Muhuri uliogongwa huwa na kingo kali chini kabisa ya shimo, hata pale uso wake ulipochakaa.

PORT umesema ina nanga na herufi C ya Kigothi. Nanga ni Birmingham, na C hiyo ni 1826, wakati wa George wa Nne. Lebo za jani la mzabibu zilishika sana miaka hiyo. Hupigwa kwa kalibu ya chuma kutoka kwenye bamba jembamba, na hupasuka pale jani linapoingia ndani, kando ya mishipa. Weka lensi hapo tu. Pakiwa pazima, lebo ni nzima.

ARRACK ndiyo inayonitia wasiwasi, na wewe mwenyewe umetaja sababu mbili: katikati ni nyembamba na mihuri imefifia. Lebo ya SHERRY au PORT ni ya kawaida. Ya ARRACK ni adimu zaidi na hulipwa zaidi. Kwa hiyo zamani na leo wapo wanaofuta jina la kawaida na kuchonga la adimu. Ibane lebo kati ya kidole gumba na cha shahada, uisogeze kutoka ukingoni kwenda katikati. Bamba halisi lina unene mmoja, lililofutwa linazama. Mulika mgongo kwa taa ya pembeni uone kama una vipigo vidogo vya nyundo, vya kurudisha bonde juu. Kisha weka lensi kwenye herufi na utafute mikwaruzo ya zamani ya usoni. Kama mikwaruzo inapita juu ya herufi na kulainisha kingo zake, herufi zilikuwapo kwanza. Kama herufi zimekata mikwaruzo katikati, kingo zikiwa kali, jina ni geni pale. Kipimo hiki kinashinda vingine vyote nilivyotaja.

Minyororo isikusumbue, mingi imebadilishwa. Na ukiona lebo ndogo ya upana wa sentimita mbili tatu imeandikwa SOY au KYAN, usidhani ni mvinyo wa nchi ya ajabu. Hizo ni za chupa za viungo: mchuzi wa soya, na pilipili ya cayenne.

Kisahani chenye wekundu si cha fedha tupu, lakini usikidharau. Mwanzoni mwa miaka ya 1740 Thomas Boulsover wa Sheffield aligundua kwamba fedha na shaba nyekundu zikipashwa moto pamoja hugandana, na zikipitishwa kwenye roli huvutika kama bamba moja. Kwa karibu miaka 100 ndivyo watu wa kipato cha kati walivyopata mng'ao wa fedha kwa bei nafuu. Ukilikata bamba hilo ukingo unaonyesha shaba, kwa hiyo mafundi waliuficha kwa uzi au utepe wa fedha. Pitisha ukucha upande wa ndani wa ukingo: utahisi kijimwinuko pale utepe ulipokunjiwa. Tafuta pia mshono wa wima kwenye ukuta wa kisahani. Kitu kilichopakwa fedha kwa umeme, teknolojia iliyopata hataza 1840, hakina mwinuko huo wala mshono wa kuonekana, kwani fedha imefunika kila kitu baada ya kuundwa, na rangi yake ni nyeupe ya baridi zaidi. Ukikuta herufi EP au EPNS, umeshatoka nje ya enzi ya akina George.

Hapa hohoa tena, lakini maana inageuka. Katikati ya kitako huwa na kitufe au ngao ya kuchongea nembo ya familia. Kwa kuwa kuchonga kungefikia shaba, fundi alipachika kipande kinene cha fedha safi. Pumzi yako ikichora duara au ngao pale, furahi: kwenye faneli ingekuwa ushahidi wa ughushi, kwenye kisahani hiki ni ushahidi wa asili.

Usikipeleke kupakwa fedha upya, hata fundi akikwambia bei ni ndogo. Wekundu kidogo ukingoni na kwenye miinuko ni uchakavu wa halali na wanunuzi wanaujua. Kupakwa kwa umeme kunaua thamani na hakurudishiki. Kitako cha mti uliokerezwa, mara nyingi mahogani, na kitambaa cha kijani chini yake, havitakiwi kuzamishwa majini. Mti huvimba, ukuta wa fedha hutanuka, na ukikauka kitako kinacheza. Futa kwa kitambaa chenye unyevu tu. Visahani hivi viliuzwa kwa jozi: nguo ya meza iliondolewa baada ya chakula, dikanta zikatelezeshwa juu ya mahogani kutoka mkono hadi mkono kuelekea kushoto. Kimoja peke yake ni bei chini ya nusu ya jozi, na hilo lina faida kwa anayeanza. Ila usimwamini anayekutafutia "pacha" wake kabla hujapima kipenyo, kimo na, kama ukuta una nakshi ya matundu, idadi ya matundu hayo.

Dikanta. Ile yenye namba, umesema ina pete tatu shingoni na kizibo cha umbo la uyoga. Ndiyo sura ya kati ya 1790 na 1830. Namba zilikwaruzwa na mafundi kwa sababu kila kizibo kilisagwa ndani ya shingo yake, na vikichanganyika kazi imeharibika. Nne na saba hazikuwa pamoja. Shika dikanta, tia kizibo na ukitikise polepole: kikicheza au kikikaa juu sana, ndoa ni mbaya, kikikaa vizuri, unayo dikanta ya kutumia, lakini bei yake ni ya dikanta isiyo na kizibo chake.

Umri wa kioo chenyewe pima hivi. Pete za shingoni za kale ziliwekwa kwa mkono kama uzi wa kioo cha moto, kwa hiyo mahali fulani utahisi mwanzo na mwisho wake vilipokutana. Chini ya kitako tafuta kovu pale fimbo ya chuma iliyoshikilia kioo cha moto ilipobanduliwa, au duara lililosagwa kuliondoa. Mikwaruzo ya kitako cha kweli huenda kila upande na ni mingi pale kinapogusa meza. Iliyotengenezwa kwa msasa hulala upande mmoja. Kioo cha risasi, ambacho Uingereza ilikianza kwa George Ravenscroft miaka ya 1670, ni kizito, hulia kama kengele kikigongwa kwa ukucha, na chini ya tochi ya mwanga wa urujuani hutoa buluu hafifu, ilhali kioo cha soda huelekea kijani na njano. Lakini kumbuka kioo cha risasi kinatengenezwa mpaka leo. Tochi inaondoa kioo cha soda, haithibitishi umri.

Usiache kutazama chini kama kuna maandishi ya kalibu. Uingereza ilianza kutoza kioo kodi kwa uzito 1746, na Ireland ilisamehewa hadi 1825, kwa hiyo viwanda vya Cork, Waterford na Belfast vilistawi. Baadhi ya dikanta zao zina maneno kama CORK GLASS CO kuzunguka kitako, na zimeghushiwa pia. Maandishi halisi mara nyingi yamefifia kiasi cha kusomwa kwa taabu.

Ile yenye ukungu, jaza siki nyeupe na maji ya uvuguvugu nusu kwa nusu, iache usiku kucha, suuza, kausha kabisa. Kama ni chokaa ya maji, itaondoka. Kama ukungu umerudi ilipokauka, kioo chenyewe kimeliwa: mtu aliacha maji au masalia ya mvinyo ndani kwa miaka, na unyevu ukavuta chumvi za kioo nje. Hakuna dawa ya nyumbani. Mafundi maalumu huisugua kwa ndani kwa mashine, na kioo kinapungua kidogo. Ndiyo maana wauzaji wasio waaminifu hupaka mafuta ndani, ukungu usionekane. Kabla ya kununua, tia kidole mdomoni mwa dikanta na unuse. Dikanta inayoteleza ndani ni mbuzi kwenye gunia.

Kizibo kikigoma, usishike koleo. Dondosha mafuta ya kupikia kuzunguka maungio, acha saa kadhaa, pasha shingo kwa kitambaa cha vuguvugu, gonga kizibo kidogo kidogo kwa mpini wa mti, upande huu na huu. Baada ya kuosha, igeuze kichwa chini mpaka ikauke. Usiizibe ikiwa na tone la maji. Na mvinyo usilale humo. Risasi hutoka kwenye kioo na kuingia kwenye kinywaji, na kadiri muda unavyopita ndivyo inavyozidi. Mimina jioni, osha usiku huo huo.

Fedha yako isafishe mara chache, kwa krimu ya fedha na pamba, ukifuata mstari mmoja bila kuzungusha. Dawa ya kuchovya iepuke: inakula weusi wa ndani ya nakshi ambao ndio unaozifanya herufi zisomeke, na inaacha uso mfu. Dawa ya meno ni msasa. Ukiona mabaka ya zambarau yasiyotoka, ni doa la moto la karakana ya kale, shaba iliyoungua chini ya uso. Muulize mjuzi yeyote, atakwambia uliache. Hifadhi kwenye karatasi isiyo na tindikali, mbali na mpira na gazeti. Rababendi moja juu ya lebo, baada ya miezi michache, itaacha mstari mweusi uliozama.

Uanzie wapi? Kwa kuwa upo Birmingham, ningeanza na lebo za Birmingham za kuanzia 1773 hadi 1830. Ofisi yake ya upimaji ilifunguliwa 1773 sambamba na ya Sheffield, baada ya Matthew Boulton, mwenye kiwanda wa Birmingham, kuchoka kupeleka kazi zake hadi Chester. Husimuliwa kwamba nanga ya Birmingham na taji la Sheffield zilitokana na hoteli ya London iitwayo Crown and Anchor, walikokutania waliodai ofisi hizo. Nyumba ya Boulton, Soho House, iko Handsworth na ni makumbusho. Ofisi moja, alama moja, mfululizo mmoja wa herufi wa kujifunza, na mkusanyo mzima unakaa kwenye droo moja. Vizibuo vya mfukoni vya fedha vya Birmingham vinafuata vizuri baada ya hapo. Glasi za mvinyo za karne ya 18, zile zenye nyuzi za hewa au nyeupe ndani ya shina, ziache kwa sasa: nakala ni nyingi, na kosa moja hugharimu zaidi ya lebo kumi.

Mnadani, piga hesabu kabla ya kuinua mkono. Nyundo ikigonga kwenye pauni 100 na kamisheni ya mnunuzi ikiwa asilimia 25, unaongeza 25, kodi ya asilimia 20 juu ya kamisheni ni 5, unalipa 130. Omba ripoti ya hali ya kitu kwa maandishi, na uulize maswali mahususi: "Je, jina limechongwa upya? Mrija una mihuri?" Swali la "hali yake ikoje" hujibiwa "nzuri". Na usinunue lebo kwa uzito. Ya gramu 12 ina fedha safi gramu 11 na kitu, thamani ya mlo mmoja. Kinacholipwa ni jina, fundi na uzima wake.

Faneli na ARRACK zipeleke zitazamwe na mpimaji. Ofisi iko mjini kwako. Dikanta ya namba 4 itafutie kizibo kwa kipimo: pima kwa kaliba (kifaa cha kupimia kipenyo) kipenyo cha juu na cha chini cha sehemu iliyosagwa ya shingo, kisha pitia masanduku ya vizibo visivyo na wenyewe ambavyo wauzaji wa vioo huwa navyo chini ya meza. Usitafute namba 4. Kila karakana ilikuwa na namba 4 yake.